Mizani Inayokula

Niacheni niseme mwenyewe, maana mkiwauliza watu wa Iyula watawaambia kwamba Loisi alimuuza baba yake. Watu wa Iyula! Wale wale waliokuwa wanatia kokoto kwenye magunia ya kahawa, leo wamekuwa waamuzi. Sikumuuza mtu mimi. Nilinyamaza, halafu nikasema, na vyote viwili vimeniumiza. Kaeni vizuri niwaeleze.

Ilikuwa mwaka themanini na tatu, mwezi wa tatu, mvua zimekolea. Hali ya nchi wakati ule mmesimuliwa: sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai, sukari hakuna, chai tunainywa kavu kama dawa. Dizeli kwa kibali, na kukipata hicho kibali nako kunataka kibali. Mume wangu Lusubilo alikuwa rubani. Ndiyo, rubani, msishangae, mtoto wa Mbozi hii hii, alisomea Soroti enzi zile nchi zetu tatu bado zinapika chungu kimoja. Alikuwa akirusha ndege ya kampuni ya Kipanga, na mimi nilikuwa karani wa mizani wa kampuni hiyo hiyo.

Kipanga ilikuwa mali ya Bwana Makame, msafirishaji wa Tunduma, asili yake Pemba. Alianza na malori ya kuvuka mpaka, akapata, akanunua ndege mbili ndogo za injini moja, za kukodisha. Uwanja wetu ulikuwa kijijini Mpemba, kipande cha changarawe walichokiacha wajenzi wa barabara kuu. Wateja walikuwa madaktari wa misheni, mabwana mifugo, wakubwa wa kahawa wanaokwenda mnadani Moshi. Kulikuwa na wiki ambazo Lusubilo halali nyumbani hata mara mbili.

Kisha uchumi ukaanguka, na sisi tukaanguka nao. Wizara zikaacha kukodi ndege, wafadhili wakafunga virago, vipuri havipatikani kwa sababu fedha za kigeni hakuna. Ndege moja ikapandishwa juu ya magogo, tukawa tunainyofoa: leo tairi, kesho plagi, keshokutwa kioo. Ilibaki moja, na safari moja kwa wiki tukibahatika. Makame alikonda mpaka kanzu ikawa inamvaa yeye.

Sasa sikilizeni habari ya kupima, maana ndiyo shina la maneno yote. Mpemba ni juu, hewa nyepesi, na uwanja ni mfupi. Ndege ndogo huidanganyi. Kwa hiyo kila abiria alipimwa, na kila mzigo, hata mkoba wa mchungaji wenye Biblia. Lusubilo alikuwa anatazama mvua na joto, anataja kikomo cha siku hiyo, mimi napima, najumlisha, naandika kwenye karatasi, nampa. Na yeye, mwanamume anayekagua kila kitu, anayechuja mafuta kwa kitambaa mara mbili, karatasi yangu hakuisoma hata siku moja. Aliikunja, akaitia mfuko wa shati, akapanda. "Nikiisoma, mama Tabita, maana yake sikuamini," aliniambia. Nilikuwa nasikia raha, jamani, kuliko nikipewa khanga.

Pembeni mwa uwanja kulikuwa na pipa tulilolipaka chokaa. Ndege ikifika usawa wa pipa, magurudumu yawe hewani. Baada ya pipa zilibaki hatua mia moja, halafu mahindi. Waliyapanda mpaka mdomoni mwa uwanja tangu enzi za kilimo cha kufa na kupona, na hakuna aliyethubutu kuwaambia wang'oe chakula.

Mwezi huo wa tatu mizani ya kampuni ikakatika springi. Nyingine haipatikani, si Mbeya, si Lusaka. Lusubilo akasema, "Bila mizani sirushi." Makame akakuna kidevu siku mbili, siku ya tatu akachukua pikapu, akapanda Iyula kwa baba yangu.

Baba yangu, Mzee Mbonile, alikuwa karani wa kununua kahawa wa chama cha ushirika. Vyama vilipovunjwa mwaka sabini na sita, mizani ilibaki nyumbani kwetu, imefunikwa gunia, wala hakuna aliyekuja kuidai. Mizani ya chuma ya kusimamia, imepakwa rangi ya buluu, ina mkono wa shaba, na jiwe la chuma la kusogeza juu ya mkono mpaka usimame sawa. Makame alimwomba, baba akampa. Alidhani ni ya kupimia magunia ya sabuni dukani. Makame naye hakueleza, alikuwa na haraka.

Nilipoiona inateremshwa pale uwanjani moyo ukanipiga pa! Naijua mizani ile kama ninavyojua vidole vyangu. Ilikuwa inakula. Kila kilo kumi ilikula moja.

Niliijuaje? Nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba alivunja betri kuukuu ya lori, akayeyusha risasi yake kwenye kopo, akatoboa lile jiwe la mizani upande wa chini, akaimimina mle, akapaka buluu juu. Jiwe likawa zito, na ukiweka gunia la kilo sitini, mkono unasimama kwenye hamsini na nne. Mimi ndiye niliyepuliza moto. Baba aliniambia tunatengeneza mizani, na mtoto haulizi. Ada yangu ya shule ya kati ilitoka kwenye kilo zile, na sare, na daftari. Nimesoma kwa kahawa ya majirani.

Na majirani walijua! Hapo ndipo ninapokasirika. Iyula nzima ilijua mizani inakula, kama wanavyojua mvua inalowesha. Mkulima naye anatia kokoto, anamwagia kahawa maji, anajua akiibiwa sita ataiba saba. Jumapili wote kwaya moja, sauti ya kwanza na ya nne, mwizi na mwibiwa. Ilikuwa kawaida mno hata hakuna aliyeiona kuwa ni uongo, na wakati mizani inapita juu ya pikapu kuelekea kwenye ndege, hakuna aliyefungua mdomo.

Mtasema, Lusubilo si alikuwa mkaguzi? Mbona hakuikagua? Kwetu cha mkwe hakikaguliwi. Baba mkwe akikupa jembe huligongi kusikia kama limepasuka. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru. Lusubilo aliifuta vumbi mizani ya mkwewe kwa leso yake mwenyewe, akaiweka kivulini, basi.

Na mimi? Mimi ningesema siku ile ile, mambo yangekwisha. Lakini mwezi huo huo redio ikaanza kutangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Tunduma watu walitupa vitenge mtoni na sabuni chooni ili wasikutwe nazo. Askari wanaingia nyumba hadi nyumba. Karani wa serikali akikutwa na katoni moja anafungwa miaka. Je, mzee aliyewapunja wakulima kwa jiwe la risasi miaka minane? Na baba macho yalikwishaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, haoni hata sahani yake. Nikajisemea, Loisi, jikaze kisabuni, utalitatua mwenyewe kwa kalamu.

Nikawa naongeza. Mizani ikisema themanini, naandika themanini na tisa. Hesabu ilikuwa sawa, ndege ilikuwa salama, baba yuko kwake Iyula. Wiki mbili nilijiona mwerevu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami yangu ilikuwa na urefu wa wiki mbili tu.

Siku hiyo Makame alisimama nyuma yangu bila mimi kujua. "Bibie," akasema, "mizani inasema sabini na mbili, daftari linasema themanini. Kalamu yako ina mimba?"

Nikababaika. Nikasema naongeza kwa usalama.

"Usalama wa nani? Kila kilo unayoibuni ni mzigo ninaouacha chini, na kampuni hii inapumulia puani. Wallahi Loisi, wewe ni kama mwanangu, lakini unanihujumu."

Neno lile wakati ule halikuwa la kutaniwa. Akasema kuanzia leo yeye ndiye atakayesoma mizani kwa sauti, mimi niandike anachosoma. Na kikomo kitajazwa chote, hata kilo moja isibaki.

Safari ya kwanza chini ya utaratibu huo, ndege ililipita pipa magurudumu bado chini. Nilihesabu hatua: kumi na tano. Lusubilo aliporudi alisema changarawe imelowa. Safari ya pili ilipita hatua arobaini. Safari ya tatu sikuona ilipotoka ardhini, nilifumba macho, na iliporudi jioni nilikwenda kufuta magurudumu nikakuta mbelewele. Mbelewele za mahindi, zimenasa kwenye chuma cha gurudumu la kushoto. Nikazinyofoa, nikazitia mfukoni mwa gauni.

Na mahindi yalikuwa bado yanarefuka, jamani. Mvua ile ilikuwa ya neema kwa kila mtu isipokuwa sisi. Kila asubuhi nilikuwa nayatazama kule mwisho wa uwanja, yamesimama yanangoja. Nilianza kuyachukia mahindi, mimi niliyelelewa kwa ugali.

Lusubilo alidhani injini imechoka. Aliifungua yote, akasafisha, akabadilisha plagi kwa zile za ndege iliyolala, akaifunga. Ugonjwa hakuuona. Alikonda. Alikaa chini ya bawa mchana mmoja, mikono myeusi kwa oili, nikampelekea uji.

"Baba Tabita," nikamwambia, "mzigo ni mkubwa."

"Mizani haisemi hivyo."

"Na kama mizani imekosea?"

Akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Unataka niende Iyula nimwambie Mzee Mbonile mizani yake ni mwongo? Mke wangu, unataka nifukuzwe ukweni?"

Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka pamoja naye. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, ningesema "ndiyo, ni mwongo," neno moja tu, na mimi nikacheka, nikachukua kikombe nikaondoka.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa nne ikaja ile safari. Aliyekodi alikuwa afisa wa ile kampeni, jina lake Gwakisa, mtu mrefu, viatu vinang'aa katika nchi isiyo na kiwi. Alikuwa amemaliza kazi Tunduma na anarudi Dodoma na askari wake mmoja na vielelezo: gunia la sukari alilolikamata kwa mfanyabiashara aitwaye Othmani, ambaye alikwisha kuwekwa ndani, na sanduku la sabuni na majalada. Alimwambia Makame kwamba safari ikienda vizuri, ofisi yake itaikodi ndege kila wiki, na kibali cha mafuta kitatoka huko huko. Makame aliswali rakaa mbili pale pale kwenye changarawe. Kampuni ilikuwa imepata pumzi.

Kilibaki kiti kimoja. Na Makame, kwa roho yake nzuri, alimwahidi baba yangu bila kuniambia: shukrani ya mizani, safari ya bure hadi Dodoma kwa daktari wa macho. Nilishtukia trekta la kijiji linasimama, baba anashushwa, amevaa koti la kanisani, fimbo mkononi, anauliza, "Loisi yuko wapi?"

Nikamshika mkono. Kulikuwa na joto siku ile, joto baya la kabla ya mvua, na upepo umekufa kabisa. Lusubilo alitazama mbingu akasema, "Leo mia tatu na hamsini. Hata kilo moja isizidi." Kisha akainama kumwamkia mkwewe bila kumtazama usoni, kama inavyotakiwa, akaenda kuchuja mafuta.

Makame akaanza. Gwakisa, sabini na nane. Askari, sitini na sita. Sanduku, arobaini na sita. Gunia la sukari halikupimwa, lilikuwa limepigwa muhuri wa kiwanda, kilo mia. Naandika. Kichwani mwangu hesabu nyingine inajiandika yenyewe, nayo inazidi kila mstari.

"Mzee, zamu yako," Makame akasema.

Baba akapanda. Haoni, lakini unyayo wake ulilijua lile bati la kusimamia. Makame akasogeza jiwe, nalo likalia tiki, tiki, tiki juu ya shaba, na nikaona uso wa baba unabadilika. Akageuza sikio.

"Mizani gani hii?"

"Si ile yako, mzee!" Makame akacheka. "Umesahau mali yako? Hamsini na nane. Jumla mia tatu arobaini na nane. Alhamdulillahi."

"Mnapimia watu?" baba akauliza. "Watu wa ndege?"

"Watu wa ndege."

Baba akashuka taratibu. Akanishika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Sipandi," akasema. "Niacheni. Sipandi ndege leo."

Gwakisa akacheka, "Mzee anaogopa!" Askari naye akacheka. Baba akanivuta pembeni, akaninong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Mimi nikibaki chini, kilo zilizoliwa zitarudi. Itakuwa sawa." Hesabu yake ilikuwa nzuri. Karani ni karani. Nilipumua, nikasema asante Mungu, nimeokoka bila kusema.

Lakini katika njaa hakuna kiti kinachobaki kitupu. Bi Mwanakombo, mke wa Makame, alikuwa pale na chapati alizomletea rubani. Mama yake alikuwa mgonjwa Dodoma, mwaka mzima anatafuta usafiri. "Makame," akasema, "basi mimi?" Makame akamtazama, akatazama kiti. Kufumba na kufumbua mama wa watu yuko juu ya mizani, kifurushi kifuani, anacheka kwa furaha. "Hamsini na tisa! Mia tatu arobaini na tisa. Bado moja, Loisi, unaona? Andika."

Niliandika. Nikatazama mahindi. Mbelewele zimesimama wima, hazitikisiki, hakuna hata kiupepo cha kuibeba ndege. Lusubilo alikuja akinyoosha mkono apokee karatasi, aikunje, aitie mfukoni kama siku zote, na mkono wake mwingine unafunga kifungo cha shati. Niliuona ule mfuko. Nikasema, na sauti haikuwa yangu:

"Lipimeni gunia la sukari."

"La nini?" Makame akasema. "Limeandikwa mia!"

"Lipimeni, nimesema!"

Nilipiga kelele, na mimi mbele ya wakubwa sikuwa mtu wa kupiga kelele. Lusubilo akanitazama. Alikwenda mwenyewe akalishusha gunia, akaliweka juu ya bati. Makame akasogeza jiwe hadi mia, mkono ukaanguka. Akalirudisha nyuma, tiki, tiki, tiki. Ukasimama kwenye tisini.

Nilidhani wameelewa. Lahaula! Gwakisa akapiga kofi paja lake. "Ahaa! Othmani! Kumbe hakuficha tu, alipunguza na kushona upya! Askari, andika: kilo kumi pungufu. Huyu sasa ndiyo basi tena." Amefurahi kama mtu aliyeokota. "Mama, una jicho wewe. Tutakuandikia barua ya pongezi."

Mnaona? Uongo wetu ulikuwa unatafuta mtu mwingine wa kumla. Nilimwona Othmani ninayemfahamu, aliyekuwa akinikopesha chumvi, nikamwona Mwanakombo na kifurushi chake, na Lusubilo mkono bado umenyooka. Na sauti haitoki.

"Bwana mkubwa." Ilikuwa sauti ya baba. "Othmani hajaiba. Jiwe ndilo linaloiba."

Alikuja akipapasa fimbo, akaomba kisu. Alilitoa lile jiwe kwenye mkono wa shaba, akaligeuza, kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja mahali penyewe, macho hayaoni lakini kidole kinakumbuka. Akakwangua buluu. Risasi ikatokea, nyeupe, kama jino.

Makame alikaa chini juu ya changarawe na kanzu yake safi. Mwanakombo alishika mdomo, akatazama ndege, akatazama mahindi, nikaona ameelewa.

"Mzee," Gwakisa akasema polepole, "unajua unachokisema?"

"Nakijua. Tangu mwaka sitini na nane."

"Na leo unasema kwa nini?"

"Kwa sababu anayeendesha ndege hiyo ni mume wa mwanangu."

Gwakisa alitoa leso akajifuta shingo. Yeye ndiye angekaa kiti cha mbele. "Umeniokoa, mzee," akasema. "Lakini nimekusikia. Na askari amesikia." Akalichukua jiwe, akalitia kwenye mkoba wake. "Utapanda. Kiti chako kipo pale pale."

Nilimwangukia miguuni, sioni haya kusema. Nilimshika vile viatu vinavyong'aa. Nikasema huyu ni kipofu, huyu amejitaja mwenyewe, muacheni atibiwe. Baba ndiye aliyeninyanyua. "Loisi, inuka. Kazi haijaisha. Piga hesabu."

Nikaipiga. Mwanakombo alishushwa, sanduku la sabuni likashushwa. Kila tisa niliirudishia moja yake. Gwakisa, themanini na saba. Askari, sabini na tatu. Sukari, mia. Jiwe la mizani, nne. Baba yangu, sitini na nne. Maisha yake yote ya kupima watu, siku hiyo ndiyo aliyopimwa kwa haki, na aliyempima ni mimi. Jumla mia tatu ishirini na nane.

Lusubilo alikuwa amesimama kando ya bawa. Ni mtu mwerevu yule, hahitaji kuambiwa mara mbili. Nilijua anajiuliza: gunia lililoandikwa mia, kwa nini mke wangu atake lipimwe? Alipekua mfuko wa shati akatoa kitu, akanifungulia kiganja chake. Mbelewele. Kumbe na yeye aliziokota, za gurudumu la kulia, na alinificha ili nisiogope.

"Tangu lini?" akaniuliza.

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema asubuhi hii. Lakini uongo ulikuwa umenitoka wote, kama maji yanavyokauka.

"Tangu siku ya kwanza."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia bei. Hakunitukana, heri angenitukana. Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Nikangoja aikunje.

Akaisoma. Alisimama pale juani akaisoma mstari kwa mstari, midomo inachezacheza, akatoa penseli nyuma ya sikio akajumlisha upya, kisha akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Halafu akamshika mkwewe mkono, akampandisha, akamfunga mkanda taratibu kama mtoto mchanga, akafunga mlango.

Ndege ilitoka ardhini hatua thelathini kabla ya pipa. Ilipita juu ya mahindi mbali kabisa, nyepesi, inang'aa. Saa nane mchana simu ya upepo ya misheni ikaleta habari: Kipanga imefika Dodoma salama.

Kampuni haikufika mwezi wa sita. Gwakisa hakukodi tena, na nani angemlaumu? Makame aliuza ndege kipande kipande, akarudi kwenye malori. "Siku ya kufa nyani miti yote huteleza," alisema, wala hakunilaani. Baba alifungwa. Alirudi mwaka themanini na tano, macho yamefunga kabisa, na watu wa Iyula, wale wale aliowapunja, walimpokea kwa kuku na kwaya. Mimi nilipita katikati yao hakuna aliyenijibu salamu. Baba peke yake ndiye aliyeniita, akanipapasa uso, akasema nimenenepa, na sikuwa nimenenepa.

Na Lusubilo, msije mkasema aliniacha. Hakuniacha. Tuliishi miaka ishirini na miwili baada ya siku ile, akalima kahawa, tukazaa wengine wawili baada ya Tabita, hakuninyanyulia mkono wala sauti, na lile swali hakuliuliza tena. Alikuwa mume mwema mpaka tulipomzika. Lakini kila karatasi niliyompa, hata ile ya kumtuma dukani chumvi na kiberiti, aliisoma mara mbili.